Jumatano: Kidole Kilichowekwa Mara Mbili

Soma Mwanzo 27:18–27. Isaka alipimaje kama aliyesimama mbele yake alikuwa Esau kweli? Ni kipimo kipi kilichomwambia ukweli, na kwa nini hakukifuata?

Isaka hakuwa mzembe. Macho yake yalikuwa yamefifia naye alilijua hilo, kwa hiyo alihakikisha: aliuliza jina, alishangaa mawindo kupatikana upesi, alipapasa mikono, akauliza tena, akanusa mavazi. Sauti peke yake ndiyo iliyokataa kudanganya. Aliitambua kuwa ya Yakobo, akalisema hilo waziwazi, kisha akaamini ngozi za mbuzi.

Tangu Mei 1, 2019, laini za simu nchini Tanzania husajiliwa kwa alama za vidole pamoja na namba ya kitambulisho cha Taifa, na zile ambazo hazikusajiliwa hivyo zilianza kuzimwa Januari 20, 2020. Ni kinga nzuri. Lakini Rebeka alijua mapema jambo ambalo wezi wa leo wanalijua: kile kinachopimwa ndicho kinachoigizwa.

Chukua mfano wa mama muuza kamba wa Mbwera, katika delta ya Rufiji. Wakala amekuja kwa boti na kufungua mwamvuli wake karibu na diko. Mama anaweka kidole. "Haijasoma, mama, weka tena." Anaweka mara ya pili, na ya tatu. Kumbe ya kwanza ilisoma. Mama anarudi nyumbani na laini moja. Laini nyingine yenye jina lake inaondoka na wakala na kuuzwa kwa mtu asiyemfahamu. Baada ya muda laini hiyo inawatumia watu ule ujumbe ambao Watanzania wengi wameupokea, wa kuomba ile hela itumwe kwenye namba hii. Anayetuma fedha huona jina la mama. Polisi wakifuatilia, jina watakalolikuta ni hilohilo, naye ndiye atakayeulizwa.

Mtu wa namna hiyo afanye nini? Kidole kikirudiwa, aombe kwanza aoneshwe kwenye simu ya wakala kilichoandikwa. Abonyeze *106# kuangalia namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake; haihitaji intaneti, na simu ndogo ya tochi inatosha. Akikuta namba asiyoijua, aende ofisi ya mtandao husika ikaondolewe, hata kama ni kuvuka maji. Ujumbe wa kitapeli uripotiwe kwa namba 15040. Namba ya siri haambiwi mtu, hata mjukuu anayesaidia kutoa fedha, ingawa hapo wengi wetu tunaona haya kukataa.

Soma 2 Wathesalonike 2:1, 2 na 3:17. Paulo alichukua hatua gani ili jina lake lisitumiwe?

Kanisa la Thesalonike lilionywa lisitikiswe na barua iliyojifanya imetoka kwa mtume. Paulo hakuishia kwenye onyo. Alimalizia kwa salamu za mkono wake mwenyewe, akaeleza kuwa hiyo ndiyo alama yake katika kila waraka. Mchungaji au mhazini "akiomba" mchango kwa namba mpya, washiriki wampigie kwa namba wanayoijua na kuisikia sauti yake. Isaka aliisikia sauti. Alikosea kwa kuidharau.

Limebaki jambo zito zaidi. Huenda wakala yule ni kijana wetu, anayeimba kwaya Sabato na kusajili kwa kamisheni siku nyingine. Amri ya nane na ya tisa (Kutoka 20:15, 16) zinavunjwa pamoja kwa kidole kimoja. Yakobo alipoulizwa jina na baba yake, alijibu Esau. Ilipita miaka ishirini kwa Labani kabla hajaulizwa tena usiku ule kando ya Yaboki (Mwanzo 32:27), na safari hii alijibu Yakobo. Baraka aliyoiiba ilimfukuza nyumbani. Ile ya Penieli aliipokea kwa jina lake mwenyewe, akaenda akichechemea kukutana na ndugu aliyemdhulumu.

Jadilini darasani: Kijana akikiri kwamba aliuza laini zilizosajiliwa kwa vidole vya watu wa kijiji chake, kanisa limsindikizeje kwa wenye majina hayo? Nani ataingia naye kwenye boti?