Kusafisha na Kufuta

Yapo maswali ambayo wanafalsafa wameyajadili kwa karne nyingi, lakini sisi watu wa kawaida hukutana nayo ghafla, tukiwa katika shughuli ndogo za nyumbani. Swali ninalotaka kulitafakari hapa ni hili: je, mtu aliyekabidhiwa kazi ya kusafisha kitu cha mwenziwe anapata pia haki ya kukichungulia ndani, na ya kuamua kipi kibaki na kipi kipotee? Swali la pili hufuata papo hapo: je, kitu kikirudishwa kama kilivyotoka kiwandani, ndiyo kusema kimepona?

Maswali haya yaliniletea kazi kwa sababu ya kompyuta mpakato ya mpwa wangu, mwalimu wa shule ya msingi huko Mikumi. Mimi tangu nistaafu ninaishi Kilosa, na mtaani kwetu yupo kijana fundi ninayemwamini. Kompyuta ililetwa kwa basi ikiwa imeviringishwa ndani ya kanga, na simu ya mwenyewe ikafuata. "Shikamoo Mjomba. Imejaa virusi. Naomba fundi afute kila kitu, irudi kama mpya. Tafadhali msifungue chochote."

Ugonjwa wenyewe ulikuwa wa kawaida. Mpwa wangu hupeleka mitihani yake kwenye duka la steshenari kuichapisha, akiwa ameibeba katika fleshi. Fleshi hiyo huchomekwa katika mashine ambayo watu wengi wamechomeka za kwao siku hiyo hiyo. Kirusi cha aina hii huyaficha mafolda ya kweli na kuweka mahali pake njia za mkato zenye majina yale yale. Ukibofya, folda lako linafunguka kama kawaida, kwa hiyo huna wasiwasi. Kumbe kwa bofyo lile lile umekiamsha kirusi. Ni uongo unaoishi kwa kutoa huduma ya kweli. Sisi tulioishi na watu miaka mingi tunaufahamu uongo wa namna hiyo hata pasipo kompyuta.

Wala si jambo geni duniani. Mwaka 1986 ndugu wawili wa mjini Lahore, Pakistan, walitunga kirusi kilichoitwa Brain, kikasafiri kwa diski za kubebwa mkononi. Mwezi Mei 2000 kirusi kingine kilienea kwa barua pepe iliyojidai kuwa barua ya mapenzi, na watu wakaifungua kwa mamilioni. Mwezi Mei 2017 WannaCry ilifunga mafaili ya watu katika nchi zaidi ya 100 ikidai fidia. Wengi wa waliofungua barua ile ya mwaka 2000 hawakuwa wapumbavu. Walikuwa watu wanaofurahi kupendwa. Maovu mengi hayaingii kwa mlango wa ubaya wetu. Huingia kwa mlango wa wema wetu, yaani imani, haraka ya kusaidia, na hamu ya kukumbukwa.

Sasa nifike kwenye kiini. Nilijua kwamba ndani ya kompyuta ile imo sauti ya marehemu dada yangu, mama yake huyo mwalimu, akisimulia jinsi alivyoletwa Kilosa kwa treni akiwa mtoto. Ilirekodiwa miezi michache kabla hajafariki, na nakala nyingine haikuwapo. Amri niliyopewa ilikuwa kufuta kila kitu. Fundi akanieleza kwamba mfumo wa kompyuta unatoa njia mbili: kurudisha upya huku ukiacha mafaili ya mwenyewe, au kuondoa yote. Kwa ugonjwa uliokomaa, njia ya pili ndiyo salama zaidi. Kisha akanong'ona, "Mwalimu, naweza kuchungulia dakika mbili tu, tukaichukua hiyo sauti, na yeye asijue."

Kwa mila za huku kwetu ningeweza kujipa haki. Wakaguru, Wasagara na Waluguru hufuata ukoo wa mama, na mjomba ana kauli kubwa juu ya watoto wa dada yake. Isitoshe, sauti ile ilikuwa ya dada yangu kabla haijawa mali ya mtu yeyote. Tena nilikuwa na hoja ya huruma: nikitii amri, huenda mtoto atakuja kulia kesho, na kilio hicho hakitarudisha kitu.

Hoja hizo zina uzito, lakini nilipozipima niliona zimeruka hatua moja. Kauli ya mjomba ni ya ulezi, na mlezi wa mtu mzima anaanza kwa kuuliza. Huruma nayo ikifanyika gizani hugeuka umiliki. Kama ningechungulia kwa ajili ya sauti, macho yangu yangepita juu ya barua, madeni, na pengine machozi ya mtu ambaye keshokutwa atanipigia magoti kunisalimu. Angenisalimu bila kujua kwamba ninamjua kuliko alivyoniruhusu. Hiyo nayo ni njia ya mkato: folda linafunguka, na kitu kingine kinaanza kufanya kazi chini kwa chini.

Aidha, kutii amri kimya kimya kungekuwa ukatili wenye sura ya adabu. Mtu aliyechanganyikiwa husema "futa yote" kama mgonjwa anavyosema "kateni tu mguu". Daktari mwema hakati papo hapo, wala hampuuzi. Humkumbusha mgonjwa kile ambacho maumivu yamemsahaulisha, kisha uamuzi humwachia mwenyewe.

Kwa hiyo nilimpigia simu. Nilimwambia, "Mwanangu, sauti ya mama yako imo humo. Nifanye nini?" Alinyamaza muda mrefu. Halafu akasema, "Mjomba, nilisahau. Imo kwenye folda la picha, nimeiandika jina lake. Chukueni hiyo, na alama za watoto wa darasa la saba. Mengine yaacheni yaende." Sikumuuliza mengine ni yapi. Fundi aliiwasha kompyuta kwa mfumo mwingine uliokuwa katika fleshi yake, bila kuuamsha mfumo mgonjwa, akachukua vitu hivyo viwili, akavikagua kwa programu ya kusaka virusi, kisha akafuta yaliyobaki. Kazi ilichukua nusu siku.

Na je, kompyuta imepona? Watu wa Kilosa wanalo jibu. Mwishoni mwa mwaka 2009 na mwanzoni mwa 2010 mto Mkondoa ulivunja kingo zake, ukabomoa nyumba na kuiharibu reli. Aliyejenga tena nyumba ile ile, mahali pale pale, kwa tope lile lile, alikuwa na nyumba mpya, lakini mto ulikuwa ule ule. Mashine iliyorudishwa upya iko hivyo hivyo. Imesahau ugonjwa, na pamoja nao huenda imesahau baadhi ya masahihisho yaliyoletwa kuziba nyufa zake. Upya wake ni wa kutojua. Ni lazima ipewe masahihisho mapya, na mwenyewe abadili maneno yake ya siri na mazoea yake ya fleshi.

Wapo watakaosema basi tuepukane na vyombo hivi. Taifa letu liliwahi kujaribu. Kompyuta ya kwanza ya serikali ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965, na mwaka 1974, baada ya matatizo mengi, uingizaji wa kompyuta nchini ukapigwa marufuku. Marufuku hayo yalikuja kulegezwa, kwa maana kazi zilikuwa zinazisubiri. Ninapenda zaidi mfano wa Mikumi. Barabara kuu iendayo Zambia inakatiza katikati ya hifadhi iliyoanzishwa mwaka 1964. Barabara ile haikufungwa, na wanyama hawakuachwa wagongwe ovyo: yamewekwa matuta na faini. Dereva hupita, lakini hupita akijua kwamba yupo kiumbe mwingine.

Katika kazi yangu ya ualimu nimewapokea wanafunzi wengi waliohamishwa kutoka shule nyingine ili "waanze upya". Waliofaulu hawakuwa wale waliofutiwa kila kitu. Walikuwa wale walioulizwa, "Katika yaliyokuwapo, lipi ni lako la kweli?" wakapewa nafasi ya kulibeba hilo na kuyaacha mengine bila kuhojiwa. Msafishaji anayeuliza swali hilo, kisha akageuza uso wakati mwenyewe anachagua, ameitimiza kazi yake. Sauti ya dada yangu ipo Mikumi sasa, katika nakala mbili, na mimi nitaisikiliza siku nitakayokaribishwa.