Mlango Upandao Juu, na Haki ya Apitaye Chini Yake

Tumeulizwa mas'ala na kijana mmoja wa huku kwetu Kidatu, na ingawa waliokuwapo barazani walicheka, swali lenyewe si la kuchekwa. Kijana huyu ana motokaa ndogo ya mbio, ya milango miwili. Ameipaka rangi mpya, ameishusha karibu na ardhi, kisha ameziondoa bawaba za asili za milango akatia nyingine zilizoagizwa kutoka ng'ambo, hatta milango ile haifunguki tena kwa ubavu kama ilivyo ada, bali yapanda juu mfano wa ulimi wa mkasi. Wazee wamemwambia kuwa hii ni israfu na kiburi. Mama yake mzazi amekataa kuipanda. Naye ajibu kwamba mali ni yake, ameichuma kwa jasho katika shamba la miwa, hadaiwi na mtu, wala hajamdhuru yeyote. Basi auliza: je, ni dhambi kuishi na milango hii, na je, yampasa kuing'oa?

Kwanza twawaomba wazee wetu, kwa heshima yao, wasiwe wepesi wa kutamka haramu. Asili ya vitu katika madhehebu yetu ni uhalali mpaka ije dalili ya kukataza. Na Qur'ani yenyewe imemkemea mwenye kuharimisha pambo ambalo Mwenyezi Mungu amewatolea waja wake, kama ilivyokemea, papo hapo, kupita kiasi. Tena sisi watu wa pwani ndio wa mwisho kustahili kulaumu pambo la mlango. Nani katika sisi hajasimama Unguja, au Lamu, au Bagamoyo, akautazama mlango wa nakshi? Miimo yake imechorwa minyororo na maua, mbao zake zimepigwa njumu za shaba, na juu ya kizingiti pengine pana aya na tarehe ya mwaka. Utajiri wa mwenye nyumba ulijulikana kabla mtu hajabisha hodi. Masheikhe walipita chini ya vizingiti hivyo wakienda kusomesha, nasi twajivunia milango ile hatta leo, na wageni waja kuipiga picha. Ikiwa baba alitia nakshi katika mlango wa nyumba, kwa hoja gani tutamzuia mwana asitie katika mlango wa gari?

Lakini ipo tofauti moja ambayo yafaa kuitia akilini tangu sasa. Mlango ule wa nakshi una mbao mbili, na zote mbili hufunguka kwa ndani. Mwenye nyumba apofungua hachukui hatta shubiri moja ya njia ya watu. Pambo lake latazamwa na apitaye, wala halimsukumi.

Ama mlango huu upandao juu, una khabari yake, nayo yapasa ijulikane kabla ya kuhukumu. Mwaka 1954 Wajerumani wa Mercedes walitoa gari yao ya 300 SL, ambayo fremu yake ilikuwa ya mabomba ya chuma yaliyopanda juu ubavuni, hatta pasiwe na nafasi ya mlango wa kawaida. Hawakuwa na budi kutia bawaba katika paa, na milango ikafunguka kama mabawa ya shakwe, ikaitwa kwa jina hilo. Kisha mwaka 1968 Mtaliana aitwaye Marcello Gandini alichora gari ya maonyesho, Alfa Romeo Carabo, yenye milango iinukayo kwa mbele; na fikra hiyo akaitia katika Lamborghini Countach, iliyoonyeshwa mwaka 1971 na kuanza kuuzwa mwaka 1974. Gari ile ni pana sana, na kimo chake hakifiki sentimita 110. Dereva wake akirudi nyuma haoni kitu. Hupandisha mlango, akaketi katika ukingo wa gari, akageuza shingo kutazama aendako. Basi milango hii ilizaliwa na haja. Alioitia hakuitia ili watu washangae, ijapokuwa walishangaa.

Gari ya kijana wetu haina haja hiyo. Imetengenezwa na wenye kuitengeneza ikiwa na milango iliyokaa sawa, na madirisha ya kuonea nyuma. Aliloliiga ni umbo, sababu hakuichukua. Hatta hivyo kuiga umbo pasipo sababu si haramu kwa dhati yake. Bwana harusi huvaa jambia, na hatujamwuliza ni vita gani aendayo.

Tazameni sasa jambo hili lafanywaje. Fundi wa bodi huondoa bawaba za asili, hukata kidogo madigadi ili mlango upate kupita, hurefusha nyaya za kioo na za kufuli, kisha hufunga bawaba mpya zenye shokapu ndogo ya gesi, na shokapu hiyo ndiyo iushikayo uzito wote mlango uwapo juu. Mlango huu husogea nje kwanza, kisha ndipo upande. Gesi ya shokapu hupungua kadiri siku zendavyo. Mpira uzungukao mlango haukai tena kama ulivyokaliwa na kiwanda, na katika bonde hili la Kilombero, penye vumbi la matrekta ya miwa wakati wa mavuno na mvua nzito za masika, mwenye gari huokota mchanga vitini kiangazi na maji sakafuni masika. Hapa Kidatu tunao mfano wake mbele ya macho yetu: reli ya Kati iliyoletwa kutoka Kilosa ina upana wa milimita 1,000, na reli ya TAZARA ina upana wa milimita 1,067. Kila moja ni njema kwa ajili yake. Kwa tofauti ya milimita 67 tu, behewa la hii halipiti juu ya ile, na shehena hapana budi ishushwe na kupakiwa upya. Vitu viwili vyema havipatani kwa kuwa mtu apenda vipatane.

Haya yote ni taabu ya mwenye gari mwenyewe, na mtu ana khiari ya kujitaabisha. Tuje katika haki za watu.

Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 676 wa Hijra, ametaja katika Minhaji yake, kitabu kijulikanacho na kila aliyekaa katika madrasa zetu, mlango wa suluhu, hukumu ya mtu atoaye roshani kutoka katika nyumba yake ikaning'inia juu ya njia ya watu wote. Wanavyuoni waliita kitu hicho janahi, yaani bawa. Na angalieni jinsi neno lilivyokutana na lile la Wajerumani. Hukumu yake ni kwamba yafaa, kwa sharti isiwadhuru wapitao. Iwe juu kiasi cha mtu kupita chini yake amesimama wima, na washerehesha wakaongeza: pamoja na mzigo mrefu alioutwika kichwani. Na ikiwa njia ni ya misafara, basi iwe juu hatta ngamia aliyebeba machela yenye kivuli apite pasipo kugusa. Fikirini uzito wa maneno haya. Mwanachuoni ameketi na kumpimia kimo mpita njia asiyemjua, na mzigo wake juu, kabla ya kumruhusu tajiri roshani yake. Katika njia yetu ya Kidatu hatta Ifakara, iliyokuwa vumbi na tope kwa miaka mingi na sasa ni lami, hapana ngamia. Wapo wanawake wenye kuni kichwani, na wapo wapanda baiskeli, nao ni wengi.

Kwa kipimo hiki kijana ana hoja, nasi hatumnyimi. Mlango wa kawaida wa motokaa nao hutoka nje ukaichukua njia. Na ni mara ngapi mpanda baiskeli ameangushwa na mlango uliofunguliwa ghafula na mtu asiyetazama? Mlango upandao juu huchukua nafasi ndogo zaidi ya ubavuni. Wazee wauitao mlango huu uadui kwa watu wajiulize kwanza wao hufunguaje milango ya magari yao.

Lakini somo halijesha hapo. Katika sehemu ya dia, Nawawi ametaja mifereji ya mapaa itolewayo juu ya njia. Kuitoa ni halali. Na pamoja na hayo, kwa kauli mpya ya Imamu Shafi'i, kitakachoharibiwa na mfereji huo ukianguka kina dhamana juu ya aliyeutoa. Hili ndilo ambalo kijana wetu hakulijua, na wazee wake pia hawakulijua, kwa kuwa wao wabishana juu ya halali na haramu peke yake. Aliyeruhusiwa hakusamehewa. Ameambiwa, weka, na uwe mlipaji. Basi mlango huo ulioinuliwa juu ya kichwa cha mtu, ukishikwa na shokapu iliyoanza kulegea, ni mfano wa mfereji ule. Ukimwangukia mtoto aliyekuja kuushangaa, au abiria akiwa anashuka, haitamfaa mwenyewe kusema kwamba pambo ni halali. Atalipa. Na akiwa alijua kwamba shokapu imechoka, akaiacha mpaka bei ya miwa ije, jambo lake ni zito zaidi. Wajerumani wale wale waliporudia milango ya bawa katika gari yao ya SLS mwaka 2010, walitia katika bawaba baruti ndogo za kuing'oa milango ikiwa gari imepinduka, kwa sababu mlango ufungukao juu haufunguki gari ikilala kichwa chini. Je, fundi wetu wa gereji ametia nini? Na huyo atakayekuwa ndani siku hiyo, aliambiwa?

Sasa tumfikilie mama, ambaye kwa maoni yangu ndiye moyo wa mas'ala haya. Mwanawe adhani amekataa kwa ushamba. Mimi nadhani ameona asiloliona mwanawe. Gari imeshushwa karibu na ardhi, na mlango umening'inia juu. Mtu mzima mwenye magoti mabovu hapana budi ainame mara mbili, kwa ajili ya gari na kwa ajili ya mlango. Hayo ni ya mwili. Yaliyo mazito ni haya: mlango huu kila ufungukapo, watu hugeuka. Watoto hukimbia, walio dukani husimama. Kijana aliyataka macho hayo, na huenda aliyalipia. Lakini macho hayamwangukii yeye peke yake. Humwangukia kila atokaye mle ndani. Mama aliyejitanda ushungi wake, apelekwaye hospitali Ifakara kwa ugonjwa asioutaka ujulikane, hutolewa garini kama bibi harusi mbele ya umma. Stara ile ni mali ya mama. Mwana ameitumia kununulia sifa, wala hakuomba idhini. Basi asemapo hajamdhuru yeyote, na aangalie tena.

Kuhusu riya sitasema mengi, kwani sikupewa funguo za vifua vya watu. Nitataja hili tu lionekanalo kwa macho. Mlango wa kawaida mwenyewe huusahau. Hushuka akaenda zake, na akili yake i katika aendalo. Mlango huu hausahauliki. Mtu akiufungua mara kumi kwa siku, mara kumi hujiuliza, japo kwa siri, ni nani atazamaye. Akifika msibani huufungua. Akifika msikitini adhana ikilia huufungua. Asiyetaka kuonekana siku ya maziko hana mlango mwingine wa kushukia. Mtu aliyezoea kuswali na kusoma ajua kazi ya kuisafisha nia moja kwa siku. Huyu amejifunga kumi.

Na israfu? Israfu haipimwi kwa uzuri wa kitu. Hupimwa kwa haki zilizoachwa nyuma yake: nafaka ya nyumba, deni, ujira wa wakata miwa kabla jasho halijakauka. Kijana asema amelipa yote, nasi twampokea kwa neno lake. Liko jambo moja dogo la kumkumbusha yeye na wenziwe wauzao miwa kwa kiwanda. Wasikia kwamba katika madhehebu yetu miwa haina zaka ya mazao, nao wasema kweli. Lakini fedha zake zikifika nisabu na zikatimiza mwaka mkononi zina zaka, na mwenye kuzikimbiza katika bawaba na rimu ili mwaka usizikute, wanavyuoni wetu wamemchukia tendo lake.

Jawabu letu basi ni kwamba hapati dhambi kwa milango hiyo kuwapo, wala hatumlazimishi kuing'oa yote. Yampasa aikague shokapu kabla ya kila safari na kuibadili kabla haijachoka, asiuinue mlango mahali penye watoto chini yake, na ajue kwamba dhamana i shingoni mwake. Ama upande wa abiria hukumu yake ni nyingine, kwani mlango ule si pambo la mwenye gari; ni njia ya mtu mwingine ya kuingilia na kutokea, na huyo mtu amekwisha kusema hataki. Naurudishwe kama ulivyokuwa. Kijana alipoambiwa hivi alisema kwamba gari yenye mlango mmoja wa juu na mmoja wa ubavuni itachekwa na watu hatta Mikumi. Huenda ikachekwa. Bawaba za asili, kwa maneno yake mwenyewe, angali nazo, zimo katika gunia gerejini, na fundi asema kazi yake ni ya siku moja.