Nani Mwenye Swali?

Ijumaa usiku, tarehe 18 Novemba 2005, Baraza la Wawakilishi la Marekani lilipigia kura azimio la sentensi moja: wanajeshi wa nchi hiyo waondolewe Iraq mara moja. Wabunge 403 walilikataa, 3 wakaliunga mkono, 6 wakajiandikisha kuwa wapo tu. Mwenye azimio, Duncan Hunter wa chama cha Republican, mwenyekiti wa kamati ya majeshi, alikuwa miongoni mwa waliolikataa. Hapo ndipo fikra zangu zinapogota. Mtu anaandika hoja, anaipeleka ukumbini, na tangu mwanzo nia yake ni kuiona ikianguka.

Siku moja kabla, John Murtha, mbunge wa chama cha Democratic kutoka Pennsylvania, alikuwa amezungumza na waandishi wa habari. Hakuwa mtu wa maandamano. Alitumikia kikosi cha Marine miaka 37, alijeruhiwa Vietnam, na mwaka 2002 aliipigia vita ya Iraq kura ya ndiyo. Sasa alisema wanajeshi wamefanya yote waliyotakiwa kufanya, na kuendelea kukaa kwao kunawaunganisha waasi dhidi yao. Alitaka waondolewe mapema kadiri hali itakavyoruhusu, muda aliokadiria kuwa miezi sita; kikosi cha dharura kibaki jirani, na diplomasia ishike kazi. Siku hiyohiyo msemaji wa Ikulu, Scott McClellan, alimtia kapu moja na mtengenezaji filamu Michael Moore. Kesho yake pendekezo lake likavuliwa muda, kikosi, diplomasia na sababu zake zote, likabakizwa neno “mara moja”.

Tumezoea kuutafuta uongo kwenye majibu. Swali tunaliacha lipite, kana kwamba kuuliza ni kazi isiyo na hatia. Lakini kila swali la ndiyo au hapana lina dai ndani yake: kwamba njia ni hizi mbili, nyingine hazipo. Mgonjwa akilalamika kuwa mguu unamuuma, kisha daktari akamuuliza mbele ya ndugu zake kama anataka ukatwe sasa hivi, “hapana” yake haina maana kwamba mguu umepona. Anayemiliki swali humiliki pia tafsiri ya jibu, na katika siasa tafsiri hiyo ndiyo inayotafutwa. Murtha mwenyewe alipiga kura ya hapana. Angefanya nini? Hakulitambua wazo lake katika sentensi ile.

Ukiona vyaelea, vimeundwa. Ile 403 kwa 3 iliundwa iende kwenye vichwa vya habari, na ikaenda. Kila tarakimu ilikuwa sahihi. Mwandishi anayeripoti kwamba Bunge limekataa kuondoa wanajeshi, akaishia hapo, hajadanganya neno hata moja, ila amebeba mzigo wa mwingine bila kuufungua. Kazi yake ilikuwa kueleza nani aliuliza, kwa nini usiku ule, na kipi kiliachwa nje. Usahihi wa maneno hauwezi kuwa ndio ukweli wote.

Ndani ya ukumbi, mjadala uliteremka hadi kwenye ushujaa wa mtu. Jean Schmidt wa Ohio, mbunge mgeni, alisimama na ujumbe wa kumfikishia Murtha: waoga ndio hukimbia, Marine hawakimbii kamwe. Zikazuka kelele, na Harold Ford wa Tennessee akavuka kwenda upande wa pili akiwa amefura. Schmidt aliyaondoa maneno yake. Lakini kilikuwa kimefanikiwa kitu: watu walikuwa wakibishana kama Murtha ni mwoga, badala ya kubishana kama hoja yake ni ya kweli.

Wademokrati nao siwaoni safi. Wengi waliufurahia mtego ule, maana kuuita mtego kuliwaepusha kusema wao wenyewe wanataka nini. Na mwaka 2002, wiki chache kabla ya uchaguzi, 81 kati yao waliungana na wengi wa Republican kumpa Rais mamlaka ya kutumia nguvu kadiri atakavyoona inafaa, kwa kura 296 dhidi ya 133. Swali la 2005 lilikuwa jembamba mno, hili la 2002 lilikuwa pana mno, hata baadaye baadhi yao wakaweza kusema hawakupigia kura vita, walipigia kura shinikizo tu. Katika yote mawili hakuna aliyelazimika kuwajibika kwa jibu lake.

Na Wairaki? Muda mfupi tu ulitenganisha kura ile na asubuhi ya 19 Novemba katika mji wa Haditha, ambako bomu la barabarani lilimuua askari mmoja wa Marine, kisha wenzake wakaua raia 24, watoto wakiwamo. Sidai kwamba kura iliyaleta mauaji hayo. Nasema kwamba swali lililoandikwa kwa ajili ya kumuumbua mbunge mmoja halikuwa na nafasi ya watu wanaoishi ndani ya vita hiyo.

Azimio la Murtha lenyewe halikupigiwa kura. Tarehe ya wanajeshi kuondoka, mwisho wa 2011, iliwekwa katika makubaliano ya serikali mbili mwaka 2008. Bunge la Iraq liliyajadili na kuyapigia kura. Bunge la Marekani halikuulizwa.