Ukuta wa Kanisa Ukimwangukia Mtu, Nani Mwenye Deni?

Katika vijiji vingi kanisa ndiyo nyumba kubwa kuliko zote. Siku ya Dominika watu mia mbili au mia tatu huingia ndani yake, wazee kwa watoto, nao huketi bega kwa bega. Kwa sababu hiyo, nyumba ya sala ni pia nyumba yenye hatari. Radi yaweza kuipiga. Paa laweza kung'olewa na tufani. Ukuta wa matofali mabichi waweza kuloa kwa mvua na kuanguka. Shimo lililochimbwa nyuma ya kanisa laweza kumeza mtoto, na pikipiki ya misioni yaweza kumgonga mtu njiani.

Mambo haya huleta maswali mawili. La kwanza: mtu akiumizwa katika nyumba ya Mungu, je, wenye kuitunza nyumba ile wana deni kwake? La pili: je, ni halali kwa wakristu kulipia kanisa lao bima, au kufanya hivyo ni kukosa imani?

1. Bima ni kitu gani?

Bima, ambayo wengi katika Kongo huiita asiransi, ni mapatano. Watu wengi hutoa kila mmoja fedha kidogo kila mwaka. Fedha hizo huwekwa pamoja, na yule atakayepatwa na hasara iliyotajwa katika mapatano hulipwa kutoka fungu lile. Hakuna ajuaye ni nani atakayepatwa, lakini wote wajua kwamba baadhi yao watapatwa. Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba kile humwokoa mmoja aliyeangukiwa na msiba ambao peke yake asingeweza kuubeba.

Kwa makanisa bima ni za namna mbili. Ya kwanza hulinda mali ya kanisa lenyewe: moto ukiteketeza paa na mabenchi, bima husaidia kuyarudisha. Ya pili hulinda watu wengine: mtu akiumizwa kwa kosa la wenye kanisa au la watumishi wao, bima humlipa yule aliyeumizwa, kwa niaba ya kanisa lenye deni. Namna ya kwanza hufahamika upesi. Namna ya pili ndiyo yenye swali kubwa la dhamiri.

Desturi hii si ngeni kwa wakristu. Katika Uingereza, mwaka 1887, Waanglikana walianzisha shirika la kuyakinga makanisa yao na hasara za moto. Mwaka 1889 maaskofu wakatoliki wa Marekani walianzisha chama cha kusaidiana, ili jimbo moja lisibebe peke yake hasara ya makanisa yake. Katika Kongo kazi ya bima ilikuwa mikononi mwa shirika moja la Serikali, SONAS, lililoundwa mwaka 1966. Sheria ya tarehe 17 Machi 2015 ilifungua mlango kwa mashirika mengine, nayo yakaanza kupewa ruhusa mwaka 2019.

2. Je, kulipa bima ni kukosa imani?

Mcha Mungu aweza kusema hivi: «Nyumba hii ni ya Mungu, na Mungu atailinda. Tukilipa bima, twaonyesha kwamba twawategemea wanadamu kuliko Yeye.» Maneno haya yafaa kujibiwa kwa heshima, maana yatoka katika moyo mwema. Lakini si kweli.

Kwanza, Mungu hakuahidi popote kwamba kuta za kanisa hazitaanguka. Dominika tarehe 3 Februari 2008 dunia ilitetemeka karibu na Bukavu, na ng'ambo ya Ruzizi, katika Rwanda, kanisa liliwaangukia watu waliokuwa wakisali. Tarehe 10 Machi 2018, katika wilaya ya Nyaruguru, Rwanda, radi ilipiga kanisa la Waadventisti saa ya ibada, ikaua watu zaidi ya kumi. Mwaka 2002 moto wa Nyiragongo ulifunika sehemu ya mji wa Goma, na kanisa kuu la Mtakatifu Yosefu likaangamia. Watu hao hawakuwa na imani haba. Bwana wetu Yezu Kristu mwenyewe alipotaja mnara wa Siloamu, ulioua watu kumi na wanane, alifundisha kwamba wale hawakuwa wakosefu kupita wenyeji wengine wa Yeruzalemu. Basi mkristu asimwambie mfiwa kwamba msiba wake ni adhabu.

Pili, kumtumaini Mungu si kumjaribu. Shetani alipomweka Bwana juu ya ukingo wa hekalu na kumshawishi ajitupe chini kwa kuwa malaika watamdaka, Bwana alikataa. Mwenye kuacha ukuta wenye ufa bila kuutengeneza, kisha akasema malaika watauegemeza, afanya lile ambalo Bwana alikataa kulifanya. Yosefu mwana wa Yakobo alimtumaini Mungu kweli, na kwa sababu hiyo aliweka nafaka ghalani miaka saba kabla ya njaa. Akili ya kutazama mbele ni zawadi ya Mungu, wala kuitumia si kumwasi mtoaji.

Ndiyo maana Kanisa lenyewe limeagiza jambo hili. Kitabu cha Sheria za Kanisa cha mwaka 1917 kiliwataka wasimamizi wa mali waangalie isipotee wala kuharibika. Kile cha mwaka 1983, katika kanuni 1284, kimerudia agizo hilo na kuongeza kwamba, panapohitajika, wafanye mapatano ya bima. Basi msimamizi alipiaye kanisa bima atimiza sehemu ya kazi yake.

3. Haki si sadaka

Hapa yafaa kutazama mfano. Kanisa la kijiji lina ufa ukutani tangu kiangazi. Wazee wameuona, nao wamesema: «Tutautengeneza baada ya mavuno.» Mvua zaja, ukuta waanguka, nao wamvunja mguu kijana aliyekuwa akifagia. Parokia yasikitika sana. Yampelekea mama yake gunia la unga na fedha kidogo, na watu wote waisifu kwa ukarimu wake.

Je, parokia imetenda vema? Imetenda jambo jema, lakini imeliita kwa jina lisilo lake. Unga ule haukuwa sadaka, bali ulikuwa sehemu ndogo ya deni. Mwenye kupewa sadaka hushukuru. Mwenye kulipwa deni hupokea kilicho chake. Mama yule akipokea deni lake kana kwamba ni sadaka, ameumizwa mara ya pili, kwa kuwa amefanywa mwombaji mahali alipokuwa mdai.

Torati ya Musa yasema wazi juu ya mambo haya. Katika Kumbukumbu la Torati, sura ya 22, mwenye kujenga nyumba mpya aagizwa kuzungushia dari ukingo, mtu asije akaanguka na damu yake ikawa juu ya nyumba ile. Katika Kutoka, sura ya 21, mwenye kuchimba shimo na kuliacha wazi alipa mnyama atakayetumbukia. Na mwenye ng'ombe apigaye watu kwa pembe apimwa kwa swali moja: je, alikuwa ameonywa? Kama hakujua, hana hatia. Kama alijua naye hakumfunga, hatia yake ni kubwa sana.

Kipimo hicho chafaa hata leo. Ikiwa ukuta ulikuwa mzima, nao ukaangushwa na tetemeko ambalo hakuna aliyeweza kulizuia, hakuna kosa. Mapendo yatatoa yawezavyo. Ikiwa ufa ulijulikana nao ukaachwa, kuna deni la haki. Ikiwa haukujulikana kwa kuwa hakuna aliyejisumbua kutazama, deni lipo pia, maana uvivu wa kutazama ni kosa. Wahenga walisema: usipoziba ufa, utajenga ukuta. Tena asiyeziba ufa aweza kulipa mguu wa mtu.

Sheria ya nchi haisemi vingine. Sheria ya mapatano na madeni ya mwaka 1888, iliyo bado nguzo ya haki katika Kongo, yamwagiza aliyemdhuru mwingine kwa kosa au kwa uzembe amlipe. Nayo yasema kwamba mwenye jengo huwajibika likianguka kwa kutotunzwa au kwa kujengwa vibaya. Haisemi: «ila jengo likiwa kanisa.» Na Kanisa, katika kanuni 128 ya kitabu chake, lawafunga wana wake kwa wajibu ule ule wa kufidia hasara waliyoileta kwa kosa lao.

4. Majibu kwa wanaokataa

Wengine husema: «Fedha za kanisa ni za Misa na za maskini. Zisitolewe kwa kulipa bima wala madai.» Lakini kijana mwenye mguu uliovunjika hawezi kulima mwaka mzima. Yeye ni maskini wa leo, na umaskini wake umetoka mikononi mwa kanisa lenyewe. Zaidi ya hayo, deni kubwa likija siku moja, nayo bima haipo, parokia italipa kwa fedha ambazo mjane alizitoa kwa ajili ya yatima. Basi kutoa kidogo kila mwaka ni kulinda sadaka ya mjane pamoja na mguu wa kijana.

Wengine husema: «Mkristu mwema hulisamehe Kanisa, halidai.» Ni kweli kwamba kusamehe ni amri ya Bwana. Lakini kusamehe ni kazi ya aliyeumizwa, na kulipa ni kazi ya aliyeumiza. Huyu wa pili asimhubirie yule wa kwanza wajibu wake kabla ya kutimiza wa kwake. Zakayo hakuwaomba aliowanyang'anya wamsamehe tu: aliahidi kurudisha mara nne, na ndipo Bwana alipotangaza kwamba wokovu umefika katika nyumba ile.

5. Mambo ambayo bima haiwezi kuyalipa

Bima ina hatari zake, na mkristu azijue.

Hatari ya kwanza ni uvivu. Mtu aweza kusema: «Ufa na uwe, bima italipa.» Lakini bima hulipa fedha, hairudishi uhai. Msimamizi aliyelipa bima na kuuacha ufa hajaondoa dhambi ya uzembe.

Hatari ya pili ni uwongo. Kuongeza idadi ya mabenchi yaliyoungua, au kuficha ubovu wa paa siku ya kufanya mapatano, ni kuwaibia wote waliotia fedha zao katika fungu. Wizi haugeuki kuwa wema kwa sababu fedha zimejenga altare.

Hatari ya tatu ni kunyamaza. Mara nyingi mapatano ya bima humkataza mwenye bima kukubali deni au kuahidi malipo kabla shirika halijatazama habari. Sharti hilo lina sababu yake, na mtu alishike. Lakini halimkatazi padri wala katekista kwenda kumwona mgonjwa, kukaa na mama yake, na kusema kweli juu ya mambo yaliyotokea. Kanisa likimkimbia mtu lililemuumiza kwa kuogopa fedha, litakuwa limeokoa sanduku lake na kupoteza jina lake.

6. Kanisa lisilo na bima

Usiku wa tarehe 15 Aprili 2019 ulimwengu wote ulitazama kanisa kuu la Notre-Dame la Paris likiungua. Kanisa lile ni mali ya Serikali ya Ufaransa, ambayo hailipii majengo yake bima bali hubeba hasara yenyewe. Watu wa nchi nyingi walitoa zaidi ya milioni 800 za euro, na milango ikafunguliwa tena mwezi wa Desemba 2024. Kanisa la kijiji likiungua, ulimwengu hautasikia. Hivyo wakristu wa vijiji wasingoje machozi ya mbali, bali wajiwekee akiba wao kwa wao.

Pengine parokia haiwezi kupata bima. Deni la haki halifutiki kwa hilo, na kinga nyingine zipo. Katekista na wazee waulize kwanza misioni kama jimbo lina bima, na kama makanisa madogo ya vijiji yamo ndani yake. Kila mwaka kabla ya mvua wazunguke kanisa, waguse kuta na nguzo, watazame paa, wafunike mashimo, wakate matawi makavu, na kuandika waliyoyaona. Nyumba yenye hatari ifungwe, hata ikibidi kusali chini ya mwembe. Makanisa madogo ya parokia moja yaweza pia kuwa na mfuko mmoja, kila moja likitia kidogo baada ya mavuno, fedha zile ziandikwe hadharani wala zisiguswe kwa karamu. Huo nao ni mwanzo wa bima.

Mkatekumeni ajiandaaye kwa Ubatizo ayashike haya tangu sasa. Kesho naye ataitwa mwenye kanisa, na ufa wa ukuta utakuwa wake.

Maswali ya kufundishana

S. Je, bima hupunguza imani kwa Mungu?
J. Hapana. Kutazama mbele ni akili aliyotupa Mungu. Kumjaribu ndiko alikokukataza.

S. Mtu akiumizwa kwa uzembe wa wenye kanisa, apewe sadaka?
J. Alipwe kwanza haki yake. Kisha mapendo yaongeze.

S. Je, bima ikilipa, dhamiri imekwisha kutakata?
J. La. Aliyekosa atubu, amwendee aliyeumizwa, na kuutengeneza ukuta.