Ngawira, Mirathi au Amana?

Kitu kinaweza kumtoka mtu kikamfikia mwingine bila ya kununuliwa, na Kiswahili kina majina yake. Ngawira ni kilichotwaliwa vitani. Mirathi ni alichokiacha maiti. Amana ni kilichowekwa mkononi mwa mtu mpaka mwenyewe atakapokitaka. Tofauti ya majina haya ni nyepesi kinywani, lakini huwa nzito pale kitu kimoja kinapoyadai yote matatu.

Na uchukuliwe mfano wa upanga wa Kijapani sandukuni mwa nyumba iliyo kwenye miteremko ya Mlima Meru, juu ya mji wa Arusha. Njia ya kufika huko haina muujiza. Askari wa Tanganyika walikuwa miongoni mwa jeshi la KAR, ambalo wazee waliliita Keya. Mwaka 1944 Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilipigana na Wajapani katika bonde la Kabaw, nchini Bama, matopeni na mvuani, na mwanzoni mwa Disemba ikaingia Kalewa, kando ya mto Chindwin. Ndivyo vita ambavyo Shaaban Robert alivitungia Utenzi wa Vita vya Uhuru.

Mjukuu afunguapo sanduku, swali lake la kwanza ni la kifundi: hiki ni kitu gani? Mjuzi hutoa kijiti cha mwanzi kinachoshikiza mpini, akatazama shina la chuma lililofichika ndani. Kutu nyeusi ya hapo haisuguliwi, kwani ni shahidi wa umri. Nambari iliyogongwa huashiria kazi ya kiwandani ya miaka ya vita. Saini ya mhunzi yaweza kuwa ya miaka hiyohiyo au ya karne zilizopita. Bunduki nayo ina alama zake. Arisaka ya aina ya 99 imepata nambari hiyo kwa mwaka 2599 wa hesabu ya Kijapani, yaani 1939, na juu ya chemba yake huchorwa ua la petali 16, nembo ya mfalme wao. Bunduki nyingi zilizosalimishwa mwaka 1945 zilifutwa ua hilo kwanza. Likiwa zima, aghalabu ladokeza kuwa silaha ilitwaliwa vitani. Lakini bunduki haingoji falsafa: sheria ya Tanzania ya mwaka 2015 haimruhusu mtu kuikalia bila ya leseni, na mahali pa kwanza pa kuifikisha ni kituo cha polisi.

Swali la pili ni zito zaidi: ni cha nani? Baadhi ya maofisa wa Kijapani walikwenda vitani na panga za wazee wao, zilizovishwa mipini ya kijeshi. Basi huenda ngawira ya askari ilikuwa mirathi ya mwingine, mirathi iliyokatwa njiani. Nao wanachuoni wa mirathi hufundisha kwamba deni la maiti hutangulia kugawanywa mali yake.

Hapa hujibu mwenye hoja, na hoja yake si ya kupuuzwa. Askari huyo alipata nini? Malipo ya kuagwa jeshini yalipangwa kwa rangi ya ngozi. Mwaka 1951 Wameru wapatao 3,000 waliondolewa Engare Nanyuki, nyumba zao zikachomwa, ardhi wakapewa walowezi. Mwaka uliofuata Kirilo Japhet akapeleka kilio chao Umoja wa Mataifa. Leo maskini arudishe upanga kwa tajiri, ilhali ukiuzwa ungelipa ada ya shule?

Dhuluma hiyo ni ya kweli, lakini mdaiwa wake ni Mwingereza. Mjane wa Kijapani aliyemngoja mume asirudi hakuwahi kuitwaa Engare Nanyuki, na deni la mmoja halilipwi kwa mali ya mwingine. Tena, mwaka 1900 Wajerumani walimnyonga Mangi Meli huko Moshi ya Kale, pamoja na watu wa Meru na Arusha, na kizazi chake kimelitafuta fuvu lake Ujerumani kwa miaka mingi. Anayesema huko kwamba cha vitani kina mwenyewe, hawezi kusema nyumbani kwamba cha vitani ni cha aliyekitwaa. Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu.

Kwa hiyo jina linalofaa ni amana. Amana haimfanyi mtunzaji kuwa mwizi. Humheshimu kwa muda wote alioitunza. Haimlazimu kukabidhi leo chochote kwa yeyote, maana shina lisilo na jina la ukoo huenda lisimpate mwenyewe kamwe. Humlazimu kuuliza. Huko Marekani shirika la OBON Society hutafuta familia za Kijapani na kuzirudishia bendera walizokwenda nazo vitani vijana wao. Njia ya kuuliza, basi, ipo.

Na upanga ukienda, usiende peke yake. Uambatane na jina la askari, kijiji chake, kikosi chake, na habari za ardhi iliyochukuliwa baada ya yeye kurudi. Familia ya huko ijue chuma chao kilikaa kwa nani, naye huyo alikuwa mtu wa namna gani.