Kaburi la Khambageu

Soma Matendo 17:22–32. Paulo alianzaje kuzungumza na watu wa Athene?

Wayunani walisimulia kwamba Dionysus alizaliwa kutoka katika paja la Zeu. Wabatemi (Wasonjo) wa Wilaya ya Ngorongoro nao humsimulia shujaa wao Khambageu, aliyezaliwa kutoka katika mguu wa baba yake uliovimba. Tena husema alikufa, akazikwa, kaburi lake likakutwa tupu, naye atarudi kuwaokoa wenye kovu la Kibatemi.

Siku moja darasani, hapa Karatu, kijana aliuliza: “Mwalimu, nao wana kaburi tupu. Letu lina tofauti gani?” Wengine walicheka. Yeye hakucheka, babu yake ni Mbatemi.

Paulo asingemcheka. Aliziangalia ibada za Waathene, akaanzia kwenye madhabahu yao wenyewe. Waliodhihaki ni baadhi ya Waathene, waliposikia habari za ufufuo (fungu la 32). Mzee wa Kibatemi hadhihaki; yeye anangoja.

Hata hivyo, kumheshimu si kusema kwamba yote ni mamoja. Paulo alitaja mashahidi zaidi ya 500 waliomwona Kristo, wengi wao wakiwa bado hai na wangeweza kuulizwa (1 Wakorintho 15:6). Tena, wokovu haungoji kovu la kabila letu; umeletwa na makovu ya Kristo, kwa kila taifa.

Jirani yako akikueleza tumaini lake, je, unamsikiliza mpaka mwisho kabla ya kumjibu?