Msiwe Wepesi wa Kurusha Jiwe

Wanangu na wajukuu zangu, kijana huona jema na baya upesi, naye husema papo hapo. Silaumu. Kijana asiyekasirishwa na dhuluma ananitia wasiwasi kuliko mwenye hasira nyingi. Ninachowaonya ni kudhani kwamba mnavyoupima uovu leo, mkiwa na miaka ishirini, ndivyo mtakavyoupima hadi kaburini. Wengi wameumiza watu kwa kudhani hivyo, tena kwa moyo mweupe kabisa.

Tazameni tunavyomtendea mwizi. Stendi imejaa watu jioni, mtu anapiga kelele: "Mwizi!" Kijana anachomoka mbio, kandambili moja imebaki mtaroni, na kabla hajavuka barabara ameshaangushwa chini. Anayempiga mateke ya kichwa ameshuka kwenye daladala sasa hivi, wala hajui kilichoibwa ni nini. Mwingine ameshaleta tairi, wa tatu anatafuta petroli. Ukimuuliza mmoja mmoja, atakwambia anatenda haki.

Ibara ya 13 ya Katiba yetu ya mwaka 1977 inakataza mtu aliyeshtakiwa kwa jinai kutendewa kama mkosaji kabla hatia yake haijathibitishwa. Walioiandika hawakuwa wakiwapenda wezi. Walijua umati hauulizi maswali, na kwamba aliyekwisha kuchomwa moto hafufuki hata kama kesho simu iliyodhaniwa kuibwa itaonekana chini ya mto wa mwenyewe.

Sasa twende shambani, wakati wa mavuno. Mnunuzi amefika na lori kuchukua viazi. Sheria ya vipimo haimruhusu kufungasha gunia linalozidi kilo 100. Yeye analijaza hadi mdomoni, anaongeza viazi juu, anashona wavu wa kamba kuvizuia, kisha analipa bei ya gunia moja. Hiyo ndiyo lumbesa. Mama aliyepalilia kwa jembe la mkono, mtoto mgongoni, anaondoka na pesa pungufu ya jasho lake. Anajua ameibiwa, lakini mvua iko karibu, ada ya shule inadaiwa, na hakuna mnunuzi mwingine. Hapo hakuna anayepiga kelele za mwizi. Mnunuzi huyo akifika harusini anapewa kiti cha mbele, na vijana wale wale wa stendi wanamwamkia shikamoo.

Hapo ndipo utu uzima unapomfundisha mtu. Ukiwa kijana unauona uovu wenye kelele, unaokimbia peku na kushikika. Ukikomaa unaanza kumtazama aliyeumia: amepoteza nini, na nani amenufaika? Ukiuliza hivyo utakuta uovu mwingi umevaa suti, una risiti na unasalimiwa kwa heshima. Wa stendi bado ana kosa lake, na apelekwe polisi. Ila hutaweza tena kuhesabu jiwe lako kuwa ni haki.

Wala msione haya kubadili hukumu yenu. Serikali ya Mwalimu Nyerere ilizivunja halmashauri za wilaya mwaka 1972, na mwaka 1976 ikavivunja vyama vya ushirika, kwa nia ya kuharakisha maendeleo ya wananchi. Mwaka 1982 zilipitishwa sheria za kuvirudisha vyote viwili. Mwaka 1984, akiwa bado Rais, Mwalimu alisema wazi kwamba kama angeanza upya, hayo mawili asingeyafanya. Nia yake ya kumkomboa mnyonge ilikuwa ile ile. Alichojifunza ni kwamba nia njema haitoshi ukimnyang'anya mnyonge chombo chake cha kujisemea.

Lakini nawaonya pia juu ya ugonjwa wetu sisi wazee. Wapo wanaozeeka wakazoea. Wakiona rushwa husema ndivyo dunia ilivyo, wakiona mjane ananyang'anywa shamba husema hayo ni mambo ya ukoo, kisha wanaiita hali hiyo busara. Msiwafuate. Anayekua vizuri huwa mpole kwa mkosaji na mkali kwa kosa. Mkiona mtu amekuwa mpole kwa vyote viwili, jueni amechoka tu.

Basi nawausia hivi. Mkisikia kelele za mwizi, simameni kati ya umati na yule aliye chini, mwiteni mwenyekiti wa mtaa na polisi, hata wenzenu wakiwacheka. Mkiona gunia la lumbesa linashonwa, semeni hapo hapo mbele ya mnunuzi, kisha mpeleke habari kwa Wakala wa Vipimo. Hasira yenu ni mali. Msiimalize yote kwa mnyonge, mkakosa ya kumkabili mwenye nguvu.